HABARI YA KOLE YA MWANGAZA, NA YA KOSA LETU

Wengi kati yenu walituuliza sababu gani taa za etidi zilizimika ule usiku wa Jumapili, siku moja tu mbele ya mitihani ya trimestri, na sababu gani Papa sentineli alisemwa vibaya, kisha ikasikiwa kwamba hakuwa na kosa. Tumechoka kujibu mmoja-mmoja. Tunataka kujibu wote mara moja katika kurasa hizi. Jibu lenyewe ni habari ya kole, ao gundi, ya namna ambayo wengi wetu hatukuijua. Kole ile ni kitu kizuri sana kwa mtu anayependa kutengeneza radio, taa na vyombo vingine vya umeme. Lakini iko na sheria yake, na sisi tuliivunja tukijua. Basi musome mpaka mwisho.

Munajua kwamba umeme wa mji haufiki kwetu kila siku. Ndiyo sababu taa za chumba cha etidi zinategemea pano mbili za jua zilizo juu ya paa, batri moja kubwa, na kisanduku kidogo katikati yao kinachoitwa regilateri. Kazi ya regilateri ni kulinda batri. Batri ikijaa, inafunga njia ya pano ili batri isichemke. Batri ikipungua sana, inazima taa ili batri isiharibike. Ili ijue batri iko na volti ngapi, ndani yake kuna njia ya shaba, nyembamba sana, iliyobandikwa juu ya karte, inayoleta habari kutoka batri. Njia ile ikikatika, regilateri haioni batri tena, na inazima kila kitu.

Trimestri hii njia ile ilikatika. Unyevu na hewa ya asidi ya batri viliila shaba kidogo-kidogo mpaka ikageuka rangi ya majani, kisha ikaisha. Mwalimu wetu wa fizike akatupa kazi ile sisi wanne wa kundi la radio. Akasema: «Muweke daraja.» Daraja maana yake ni waya unaopita juu ya fasi iliyokatika. Tulitoa waya mwembamba katika transfo ya radio ya zamani iliyokufa. Waya kama ule umevaa vernisi. Tukaikwaruza ku ncha mbili kwa wembe, tukaunganisha ncha moja kwa risasi ya moto upande huu, na ncha ingine upande ule. Regilateri ikaamka. Tulifurahi sana.

Lakini waya mwembamba hauwezi kuachwa hewani. Mtu akigusa kisanduku, waya unatikisika. Ukitikisika mara nyingi, unakatika pale penye risasi, ao unagusa fasi ingine na kuleta shoti. Unapaswa kulazwa juu ya karte na kushikwa vizuri. Hapo njo shida ya kole ilianza.

Tulikuwa tumejaribu kole nyingi katika kazi zetu za mbele. Kole ya haraka, ile ambayo watu wanabandika nayo viatu, inashika vidole vyako kabla ya kushika waya. Inaacha ukungu mweupe pembeni, na ikikauka inavunjika mbio. Kole ya fimbo, ile ya kuyeyusha kwa moto, ni rahisi kuweka, lakini karibu na kitu chenye joto inalainika tena na kuachia. Kole ya mirija miwili, ile ya kuchanganya, iko na nguvu nyingi, lakini inakuomba kushikilia waya muda mrefu bila kutetemeka, na ile uliyochanganya zaidi unaitupa.

Mwenzetu mmoja, ambaye wakati wa vakansi anamsaidia mjomba wake fundi wa telefone, akaleta chupa ndogo nyeusi. Mafundi wa telefone wanatumia kole ile kubandika glasi ya kulinda ekra. Aliweka tone moja juu ya kipande cha glasi, mule ndani ya chumba, tukangoja. Dakika tano, dakika kumi: tone likabaki majimaji kama mafuta. Tukaanza kumcheka. Ndipo akatoa taa ndogo ya mkononi, sawa ile ambayo wabadilishaji wa pesa wanachungulia nayo noti za dola, akamulika tone. Tukahesabu mpaka 20. Akatupa ile glasi mkononi: «Mukwaruze sasa.» Tone lilikuwa gumu, na ukucha haukuliondoa. Hakuna mtu aliyecheka tena.

Mwalimu alitueleza kwamba hapo hapana uchawi. Mwangaza wa jua uko na rangi zote za upinde wa mvua, tangu nyekundu mpaka zambarau. Mwaka 1801, katika Ujerumani, Johann Wilhelm Ritter aligawanya mwangaza wa jua kwa kioo cha pembe tatu, akauelekeza juu ya klorire ya feza, dawa inayogeuka nyeusi ikipigwa na mwangaza. Akaona kwamba inageuka nyeusi kwa nguvu zaidi upande ule wa ng'ambo ya zambarau, pale ambapo jicho halioni kitu. Basi kulikuwa na mwangaza usioonekana. Leo tunauita ultraviole, maana yake ng'ambo ya zambarau. Mawimbi ya mwangaza tunayapima kwa nanometa, na milimeta 1 iko na nanometa milioni 1. Jicho la mtu linaona tangu karibu nanometa 400 mpaka karibu 700. Taa za kole hii zinatoa mara nyingi nanometa 365, 395 ao 405, yaani pale mpakani ao chini yake kidogo.

Na ndani ya chupa kuna nini? Kuna vitu viwili vikubwa. Cha kwanza kinaitwa akrilati. Ni molekile fupi zinazoelea kila moja peke yake, na kwa sababu hiyo kole ni majimaji. Cha pili ni kidogo tu, kinaitwa fotoinisiateri, maana yake kitu kinachoanzisha kazi kwa mwangaza. Mwangaza ukikifikia, kinavunjika vipande, na vipande vile viko na njaa ya kushika. Kipande kimoja kinashika molekile ya akrilati, ile inashika jirani yake, na jirani anashika mwingine, mpaka zote zinakuwa kama wavu mmoja. Hapo majimaji inakuwa kitu kigumu. Kole zingine zinakauka kwa sababu maji ao dawa fulani inapanda hewani. Hii hapana. Karibu yote uliyoweka inabaki pale, lakini sasa imeshikana. Inaposhikana inatoa joto. Tone kubwa lililo juu ya kidole linaweza kukuchoma.

Ndugu ya kole hii munaijua tayari. Ku hospitali, mganga wa meno akiziba tundu la jino, anaweka kitu laini kisha anamulika kwa taa ya bluu, na mara moja unaweza kuuma. Mwangaza wake ni wa bluu unaoonekana, si ultraviole, lakini kazi ni ya namna moja. Na dada zetu wa mjini wanajua vernisi ya kucha inayokaushwa ndani ya kisanduku cha taa.

Zamani kazi hii ilitaka taa kubwa za mvuke wa zebaki, za bei kali. Kisha Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote watatu wazaliwa wa Japani, walipata namna ya kutengeneza ledi ya bluu yenye nguvu, na mwaka 2014 walipewa zawadi ya Nobel ya fizike kwa kazi ile. Ledi za zambarau na za ultraviole zilitoka katika jamaa ile ile. Njo vile leo taa ya kole inaingia katika mfuko wa shati.

Namna gani utajua kama taa yako ni ya kweli? Mwalimu alituonyesha njia tatu. Ya kwanza, umulike noti ya dola iliyo nzuri: uzi ulio ndani ya noti ya dola 20 unang'aa rangi ya majani, na ule wa dola 100 unang'aa rangi ya waridi. Ya pili ilitupendeza zaidi, sababu ni ya kwetu. Katika milima ya Kivu mti wa kinkina ulipandwa miaka mingi, na Bukavu kiwanda kilitengeneza kinini kutoka maganda yake. Mama mwuguzi alitupa kidonge kimoja cha kinini ambacho tarehe yake ilikwisha pita. Tukakisaga, tukakitia katika maji pamoja na matone machache ya ndimu, tukafunga madirisha na kumulika. Maji yale, yaliyokuwa bila rangi, yaking'aa bluu kabisa. Mwaka 1852 George Stokes, mwalimu wa Cambridge, aliandika juu ya jambo lile lile, akitumia maji ya kinini. (Tunawaomba: musiyanywe, na musichukue dawa nzuri ya wagonjwa kwa muchezo.) Njia ya tatu ndiyo ya kuamini kuliko zote: weka tone la kole juu ya glasi, umulike, ujaribu kwa kijiti.

Na kama hauna taa? Uko na jua. Vitabu vya afya vinafundisha kwamba kila ukipanda mita 1000, ultraviole ya jua inaongezeka karibu asilimia 10. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1460 juu ya bahari, na sisi tunaishi juu yake, karibu na ekwateri. Tuliweka tone juani saa sita ya mchana bila wingu: halikumaliza dakika mbili, likawa gumu. Nyuma ya kioo cha dirisha lilikauka vilevile, lakini lilichelewa. Hata kivulini, pale barazani, kole iliyoachwa wazi ilianza kuwa nzito, sababu ultraviole inatoka pia katika mbingu yote, si katika jua tu. Kwa hiyo chupa yake ni nyeusi, na inapaswa kufungwa kila mara.

Sasa tunafika kwa kosa letu.

Ile siku ya kazi ilikuwa Jumamosi. Saa tisa kulikuwa mpira kati ya kalasi yetu na wakubwa wa kalasi ya nne, na wawili kati yetu walikuwa katika timu. Tulilaza waya juu ya karte, tukatia kole tangu ncha mpaka ncha, tukamulika. Kole ilikauka vizuri, inang'aa kama kioo. Lakini katikati ya safari yake waya ule ulipita chini ya kondansateri kubwa, ile yenye umbo la kikopo cheusi. Tuliupitisha pale sababu ilikuwa njia ya mkato. Kole iliingia chini yake. Mdogo kati yetu akauliza: «Na kule chini, mwangaza unafika?» Tulisikia wote. Mmoja akajibu: «Itakauka yenyewe mpaka kesho.» Wengine tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa jibu moja na lake. Tukafunga kisanduku, tukakitundika ku ukuta, tukamwambia Mwalimu: «Imeisha.» Kisha tukakimbia ku mpira. Tulishindwa mabao mawili.

Jumapili mchana, kama kawaida yake, Papa sentineli alipanguza mavumbi ya batri na ya waya kubwa zinazoingia katika regilateri. Usiku, katikati ya etidi, taa zote zikazimika. Wanafunzi zaidi ya mia moja walikuwa na vitabu wazi mbele yao. Wengine walisoma kwa toroshi ya telefone mpaka nguvu ikaisha, wengine walienda kulala na uchungu. Kesho yake Prefe akauliza nani aligusa kisanduku mara ya mwisho. Papa sentineli akasema ukweli: «Ni miye. Lakini sikugusa nsinga ya ndani. Nilipanguza tu mavumbi.» Prefe hakuwa na namna ingine ya kujua. Ikasemwa kwamba bei ya matengenezo itatolewa katika mshahara wake wa mwisho wa mwezi.

Sisi tulikuwa pale, tumesimama katika mustari mbele ya kalasi. Tulianza kufikiri juu ya kile kikopo cheusi, kila mmoja kwa nafsi yake, na hakuna aliyesema kitu. Tulijiambia: labda si ile. Labda kweli alivuta waya. Jumatatu ikapita. Jumanne asubuhi tulipita mbele ya lango, tukamsalimia Papa, naye akatujibu kama siku zote. Jumanne mangaribi mdogo wetu akasema: «Kama hamuendi, nitaenda peke yangu.» Basi tukaenda wote wanne kwa Mwalimu, tukamuomba afungue regilateri mbele yetu.

Alifungua. Waya ulikuwa umekatika pale penye risasi. Pande mbili za nje kole ilikuwa ngumu. Mwalimu akaingiza kijiti chini ya kondansateri, akakitoa: kilikuwa kimelowa. Siku tatu na zaidi zilikuwa zimepita, na kole ile ilikuwa majimaji sawa vile ilitoka katika chupa. Sehemu yake ilikuwa imeteremka, sababu kisanduku kimesimama ku ukuta. Waya pale katikati haukushikwa na kitu. Kitambaa cha Papa kilisogeza waya kubwa kidogo tu, karte ikatikisika, na waya wetu ukavunjika. Kama tungefanya kazi sawasawa, angeweza kupanguza kila siku na hakuna kitu kingetokea.

Mwalimu hakupaza sauti. Alisema maneno machache: «Mwangaza hauzunguki kona. Kole hii haina kesho. Fasi mwangaza haukufika leo, hata mwezi ujao itakuwa ile ile.» Kisha akatuuliza kama tulijua. Tukasema ndiyo, tulijua.

Tulienda kwa Prefe usiku ule ule. Kuhusu mshahara wa Papa, jambo lile likafutwa. Sisi tulipata malipizi yetu: Jumamosi tatu za kukata majani ku kiwanja, na kazi ya kuandika habari hii kwa gazeti letu. Lakini malipizi makubwa tuliyapata ku lango. Tulimwambia Papa sentineli yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Batoto, ile siku mulinisalimia pale ku lango, mulikuwa munajua?» Hatukuwa na jibu. Alikaa kidogo, akasema tena: «Haya. Kesho munionyeshe ile taa yenu.»

Kesho yake tulirudia kazi, na Papa alikuwa pale anatazama. Tunawaandikia hapa namna tulivyofanya, ili mtu mwingine asipitie njia yetu.

Kwanza, tulitoa waya wa zamani wote. Kole iliyokwisha kukauka haiyeyuki tena kuwa majimaji. Tuliilainisha kwa joto la chuma cha kuunganishia risasi, dirisha wazi sababu ya moshi, tukaikwaruza pole-pole. Kwa hiyo musiiweke juu ya kitu ambacho mtaomba kubadilisha kesho, kama fuzi ao visi. Ile majimaji ya chini tuliipanguza kwa kitambaa chenye alkoli mpaka ikaisha.

Pili, tulichagua njia ingine ya waya, ndefu zaidi, lakini taa inaweza kuona kila fasi yake. Kama hakuna njia ingine na waya lazima upite kivulini, musitumie kole hii pale. Mutumie ile ya mirija miwili, inayokauka bila kuomba mwangaza. Ziko pia kole za ultraviole ambazo zinamaliza kazi kivulini kwa joto ao kwa unyevu wa hewa, lakini hiyo inaandikwa ku chupa. Yetu haikuandikwa vile.

Tatu, tulipanguza karte kwa alkoli ikauka kabisa, tukashikilia waya kwa vipande vya skochi, tukaweka matone madogo, moja kila santimeta mbili, si mto wa kole. Tone nene linakauka juu na kubaki laini ndani, sababu mwangaza unapunguka ukishuka. Kama mnataka unene, muweke tabaka nyembamba, mumulike, kisha tabaka ingine juu yake.

Nne, tulimulika kila tone kutoka pande tatu, taa karibu sana, dakika mbili kila upande. Karatasi ya kole inasema sekonde chache, lakini ni kwa taa kubwa. Taa ndogo ya mfukoni ni zaifu, na ukiisogeza mbali, nguvu yake inapunguka mbio.

Tano, tulijaribu kila tone kwa kijiti. Mara nyingi ngozi ya juu inabaki inanata kidogo, hata kama ndani ni ngumu. Ni sababu ya oksijeni ya hewa, inayozuia molekile za juu kushikana. Hiyo si kitu kibaya; mupanguze kwa alkoli, ao mufunike tone kwa plastiki safi ya kuona ndani wakati wa kumulika, na hewa haitagusa.

Mwanafunzi mmoja mdogo, aliyekuja kutazama, akatuuliza: kwa nini hatuachi risasi na kuunganisha waya kwa kole tu? Swali zuri. Kole hii haipitishi umeme. Risasi inapitisha umeme, kole inashika waya usitikisike. Kila moja iko na kazi yake.

Tunaongeza neno juu ya afya. Mwenzetu aliyeleta chupa alifanya kazi ile wiki mbili bila kuvaa kitu, na vidole vyake vikaanza kuwasha na kutoa vipele. Mama mwuguzi alimkataza kuigusa tena. Alieleza kwamba mwili ukianza kukataa akrilati, unaweza kukataa maisha yote, na hiyo inaweza kuleta shida hata siku ya kuziba jino. Basi muvae mipira ya mikono, mubadilishe kila ikichafuka, na mufungue madirisha. Kole mbichi isiguse ngozi. Ile iliyokauka kabisa haina shida kubwa. Na musitazame taa. Jicho linaona kidogo tu mwangaza ule, basi halijifungi kama mbele ya taa kali, na kumbe linapigwa. Muvae miwani yenye kuzuia ultraviole, na musimulike mwenzenu usoni kwa muchezo.

Tulipomaliza, Papa sentineli akaomba taa. Akamulika karte mwenyewe, akainama, akatazama upande huu na upande ule. Akaweka kidole karibu na kikopo cheusi, bila kugusa. Akauliza: «Na hapa chini?» Tukamjibu: «Hapa chini hatukuweka kitu, Papa.» Akainua kisanduku, akatazama tena yeye mwenyewe, kisha akatusaidia kukitundika ku ukuta.

Tangu siku ile taa za etidi hazikuzimika tena. Jumapili Papa anapanguza mavumbi yake kama zamani, na waya unabaki. Wale ambao walisoma gizani ule usiku, tunawaomba radhi. Na wale ambao wanataka kujifunza kazi hii, kundi la radio linakutana kila Alhamisi nyuma ya masomo ya mwisho. Mulete glasi yenu na vijiti vyenu. Taa iko.

Ni sisi wanne wa kundi la radio, kalasi ya tatu.